Gari bovu ndilo la kuogopwa

Watu wa Misigiri wanaogopa malori, na wana haki. Tumekaa kwenye njia kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na mbele yetu, kabla hujafika Shelui, kuna mteremko wa Sekenke ambao kila dereva wa masafa marefu anaujua kwa jina. Mama wa hapa hamwachi mtoto avuke lami bila kumshika mkono. Lakini mama huyohuyo, ukimwonyesha Land Rover iliyolala uani kwa jirani tangu mtoto hajazaliwa, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma, atamwacha mtoto ajifiche chini yake mchana kutwa. Limekufa hilo, atakwambia. Litaenda wapi?

Mimi naliogopa la uani kuliko la lami. Lori lina breki za upepo, lina dereva, lina namba ya usajili na lina mtu wa kushtakiwa. Gari bovu halijapungua uzito hata kilo moja kwa kuharibika. Kilichopungua ni vile vitu vilivyokuwa vinalizuia: mafuta ya breki yamekauka, mipira ya silinda imepasuka, tairi za upande mmoja hazina upepo. Siku utakayolitingisha kulitoa mahali lilipozoea ndiyo siku yake ya hatari. Na siku hizi tunayatingisha sana.

Mengi yanaondoka kama chuma chakavu. Wanunuzi wa skrepa wanapita vijijini, wanakata bodi kwa gesi, wanapakia vipande kwenda kuyeyushwa Dar es Salaam. Machache, hasa Land Rover za zamani, yanaondoka mazima. Bodi yake ni ya aluminiamu, hailiwi na kutu kama bati la magari mengine, na fundi mzuri akishughulikia chasisi gari linafufuka likabeba watalii. Tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024, wazee waliokuwa wanafungia mbuzi kwenye bampa wameanza kutaja bei kwa majivuno. Sina ubaya na hilo. Mzee akiuza chuma chake akaezeka nyumba, ni halali yake. Ugomvi wangu mimi uko kwenye kile kipande kidogo cha safari, kati ya ardhi na tela.

Nieleze lililotokea hapa kwetu kiangazi kilichopita. Sitataja mtu, kwa sababu wote ni majirani na mmoja wao bado anatembea na magongo.

Gari lilikuwa Land Rover 109, ile ndefu, ya miaka ya sabini. Mnunuzi alikuja na trekta la kukodi, Massey Ferguson, na tela la ekseli moja, yale tunayobebea alizeti na mawe ya msingi. Siku moja kabla, gari lilikuwa limevutwa kutoka shambani hadi kwenye uwanja ulio kando ya barabara. Fundi, kwa akili nzuri kabisa, alifungua propela ya nyuma ili giaboksi isizunguke kavu njiani, akaitupia nyuma ya gari. Hiyo propela tutairudia.

Sakafu ya tela ilikuwa juu ya ardhi kiasi cha mita moja. Mbao za kupandishia, mbili, zilikuwa na urefu wa mita tatu hivi. Hesabu yake haihitaji chuo. Ukiliweka gari kwenye mwinuko wa namna hiyo, theluthi moja ya uzito wake inataka kurudi chini muda wote, bila kupumzika. Land Rover hiyo ikiwa tupu ni tani moja na nusu na zaidi. Theluthi yake ni nusu tani. Nusu tani hiyo walikabidhiwa vijana sita waliokuwa wamekaa kijiweni wakisubiri abiria wa bodaboda, wengine na ndala miguuni. Ahadi ilikuwa elfu tatu kwa kila mmoja, na soda.

Nilikuwa ng'ambo ya barabara nikinywa chai. Kilichonifanya nigeuke ni wingi wa sauti. Mwenye gari anasema, "Taratibu, wanangu." Mnunuzi anasema, "Twende! Twende! Msiache!" Fundi ndani ya gari, mkono mmoja kwenye usukani na kichwa nje ya dirisha, anasema, "Kata kushoto," sijui anamwambia nani, maana usukani ameushika yeye. Dereva wa trekta ameshuka, naye anaelekeza. Watoto wa shule wamesimama nyuma kabisa, pale ambapo gari likirudi ndipo litapita. Nilianza kuvuka kuwatoa wale watoto, na namshukuru Mungu mwalimu wao aliwahi kabla yangu, akawafukuza kwa fimbo.

Magurudumu ya mbele yakafika juu ya tela. Watu wakashangilia, na hapo ndipo penyewe. Tela la ekseli moja likibebeshwa mzigo mkiani, mkia unashuka na mbele panainuka. Kila mkulima aliyewahi kupakia magunia kwa kuanzia nyuma anajua. Lile jino la tela linaloshika kwenye trekta lilinyanyuka, na pini iliyolifunga, ambayo ilikuwa imechomekwa tu bila kifungo cha chini, ikachomoka. Tela likainamia nyuma kwa kishindo. Mbao zikateleza. Land Rover ikaanza kurudi.

Fundi alivuta handbreki. Nataka hilo liandikwe, kwa sababu baadaye watu walimtukana kwamba aliduwaa. Hakuduwaa. Aliivuta mpaka mwisho na ilishika kweli, na gari likaendelea kurudi kana kwamba hakugusa kitu.

Kwenye magari mengi handbreki inashika magurudumu ya nyuma. Kwenye Land Rover hizi haishiki gurudumu hata moja. Inashika dramu iliyofungwa nyuma ya giaboksi, pale propela inapoanzia. Inazuia propela, na propela ndiyo inazuia magurudumu. Sasa propela ikiwa imelala nyuma ya gari kama mzigo, unaweza kuvuta handbreki mpaka bega liteguke. Umefunga dramu inayoelea peke yake. Kuweka gia nako ni hivyohivyo, nguvu haifiki chini. Wenye kiwanda hawakuficha jambo. Ndivyo zilivyotoka Solihull tangu 1948, na Defender ya mwisho iliyotoka hapo Januari 2016 ilikuwa na mfumo huohuo. Fundi wetu alikuwa anafanya kazi zaidi na Toyota. Aliyemwita hakumuuliza.

Vijana watano waliruka pembeni. Wa sita alikuwa kwenye gurudumu la nyuma kushoto, upande wenye jiwe kubwa, yale majabali yetu ya Singida ambayo hayahamishwi na mtu. Mguu ukabanwa kati ya tairi na jiwe. Mifupa miwili chini ya goti. Walilisukuma gari mbele wakamtoa, wakampakia kwenye bajaji kwenda Kiomboi, na mnunuzi akabaki anapiga simu.

Jioni ile kijiweni nilisikia maneno ambayo yananikera kuliko yote: ajali haina kinga. Alisema mmoja, wakaitikia kumi. Nimelisikia neno hili tangu utotoni kwenye kila msiba wa barabarani, na nimegundua linasemwa zaidi na yule ambaye angetakiwa kutoa pesa. Ajali ile ilikuwa na kinga nne au tano, zote zikiwa pale uwanjani, nyingine unazikanyaga. Kifungo cha pini kilikuwa kwenye kisanduku cha trekta. Chini ya mkia wa tela ungeweza kupangwa mawe mawili, mawe ambayo Singida tunayo mpaka tunalima juu yake. Kamba ingeweza kuvuta kutoka mbele badala ya mabega kusukuma kutoka nyuma. Na gogo.

Nilianza kazi kama utingo kwenye malori, kabla ya lami, wakati Sekenke ilikuwa vumbi na kona. Siku hizo ukipanda mlima na lori la mahindi, utingo hapandi. Unatembea kwa miguu kando ya gurudumu la nyuma, mkononi una gogo lenye mpini au kamba, na kila lori linapositasita unaliweka gogo nyuma ya tairi. Unasimama pembeni, si nyuma. Dereva wangu wa kwanza, mtu mkali, asubuhi hakuniuliza kama nimekula. Aliuliza gogo liko wapi. (Vijana hawajui kwamba mlima huohuo ulikuwa na dhahabu ya Wajerumani, na kwamba sarafu za dhahabu walizopiga Tabora mwaka 1916 zilitokana na Sekenke. Sisi tuliopita pale na magogo hatukuokota hata punje.)

Gogo linalofuata tairi hatua kwa hatua lingeizuia Land Rover isirudi hata sentimita kumi. Halinunuliwi, halina leseni, halihitaji umeme. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba tatizo letu ni umaskini, kwamba hatuna magari ya winchi kama ya wenzetu, namwambia hapana. Umaskini nimeishi nao, naujua unakofikia. Haukuzuia mtu kuokota gogo. Wala haukuzuia mtu kushika jembe, maana njia bora kuliko zote ya kupakia gari bovu tunaitumia wenyewe kupakia ng'ombe: unatafuta tuta au ukingo wa korongo, unarudisha tela mpaka sakafu yake iwe sawa na ardhi, mzigo unaingia bila kupanda. Vijana wale sita kwa saa mbili za jembe wangekuwa wamemaliza tuta hilo, na nusu tani ile ingekuwa sifuri.

Kilichokosekana kilikuwa mtu mmoja wa kusema.

Baba yangu alikuwa kwenye genge la reli pale Itigi, reli ileile ya kati ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Nikiwa mtoto nilikuwa nawaona wakibadilisha reli. Pande moja la chuma lina mamia ya kilo, na watu wanaliinua kwa koleo na mikono. Mnyapara anaita, wao wanaitika, na chuma kinapanda juu ya mwitikio. Hakuna anayeinua kabla ya mwito wala anayeachia kabla ya mwito, kwa sababu anayeachia mapema anavunja mgongo wa mwenzake. Na yule anayeita hakuwa mwenye nguvu kuliko wote. Mara nyingi alikuwa mzee ambaye hashiki chuma kabisa. Kazi yake ilikuwa kuangalia.

Nenda bandarini leo, uangalie kreni inashusha kontena. Mwenye kreni anafuata ishara za mtu mmoja tu, hata kama meneja amesimama pale na koti lake. Kuna ishara moja tu inayoruhusiwa kutoka kwa yeyote, hata mfagizi: simama. Ukiipata, unasimama kwanza, unauliza baadaye. Sisi kwenye magari mabovu tumeigeuza. Kila mtu ana ruhusa ya kusema twende, na anayesema simama anaitwa mwoga. Mzee mwenye gari alisema taratibu, mara kadhaa. Ni mtu mzima, ana mvi, watu wanamwamkia shikamoo barabara nzima. Lakini pesa ilikuwa kwa mnunuzi, na sauti ya pesa ndiyo iliyosikika.

Sasa tuje kwenye mguu wenyewe, maana umeshonwa vyuma na vyuma vina bei.

Mwenye gari anasema aliuza, alishapokea pesa, gari halikuwa lake tena. Mnunuzi anasema yeye alimkodi mwenye trekta amsafirishie, kupakia ni kazi ya msafirishaji. Mwenye trekta anasema alikodisha trekta na tela, vijana hakuwaita yeye. Fundi hana kitu. Kila mmoja ukimsikiliza peke yake anakushawishi, na hiyo ndiyo kazi mbaya ya mipango isiyoandikwa: inampa kila mtu mlango wa kutokea isipokuwa aliyelala kitandani.

Nilifikiri labda kuna bima. Nikauliza watu wanaojua. Bima ya lazima ya magari, ile ya Sura ya 169, inamlinda mtu anayeumizwa na matumizi ya gari barabarani. Hapa gari lililoumiza halikuwa na bima kwa miaka mingi, na uwanja ule si barabara. Nikauliza Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kukusanya michango mwaka 2015. Ni mfuko mzuri, lakini unasimama juu ya mwajiri anayejulikana, aliyesajiliwa, anayechangia. Kijana aliyeitwa kwa mluzi kutoka kijiweni hana mwajiri. Ana elfu tatu, ambazo kwa taarifa yenu hakulipwa, kwa sababu kazi haikukamilika.

Serikali yetu inajua kupima uzito, tena vizuri. Lori linalopita njia hii linapanda mizani pale Njuki, na kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 likizidi tani 56 linalipishwa faini ya kuumiza, kwa sababu lami imegharimu fedha na lazima ilindwe. Naunga mkono. Lakini siombi serikali ije na mizani ya kupima vijana wanaosukuma magari, wala kibali cha kupakia Land Rover. Kibali tukikiweka, kitakuwa na foleni, na penye foleni patakuwa na mtu wa kukuharakishia, na gogo bado halitakuwepo.

Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, ila kinagusa mfuko. Anayepata faida kwenye mzigo ndiye abebe mguu. Kama umenunua gari bovu kwa milioni kadhaa ukijua utaliuza kwa mara mbili yake, gharama ya kulipandisha salama iko ndani ya faida yako, na gharama ya kutopandisha salama iko humohumo. Maneno hayo yaingie kwenye karatasi ya mauziano, ile tunayoandikiana mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mashahidi wawili. Tunaandika namba ya chasisi, tunaandika namba ya injini, tunaandika hata spea tairi kama ipo. Tuongeze mstari: nani anapakia, na nani atagharimia akiumia mtu. Nina hakika mnunuzi akishasaini mstari huo, gogo atalitafuta yeye mwenyewe kwa mikono yake, na winchi ya mkono ataikodi bila kusukumwa.

Wapo waliosema naharibu soko, kwamba wanunuzi watahama waende Manyoni au Nzega wasikoulizwa maswali. Inawezekana. Lakini Land Rover za 109 zilizobaki si nyingi kiasi hicho, na mtu aliyetoka Arusha kuifuata moja hataiacha kwa sababu ya gharama ya jembe na kamba.

Kwa kweli hajaiacha. Amerudi wiki iliyopita. Gari bado liko palepale kando ya barabara, limeegemea jabali, na safari hii mwenye gari alimwambia haligusi mtu mpaka aongee na mimi. Nimempa masharti. La kwanza, tuta lichimbwe, na vijana walipwe kwa siku, si kwa gari. La pili, propela irudishwe mahali pake kabla gari halijasogezwa. La tatu, sauti ni yangu peke yangu, na simama ni ya kila mtu. La nne, kabla ya kamba kufungwa, alipe theluthi yake ya hospitali, kama mwenye gari alivyokubali kulipa yake baada ya kuitwa kwenye kikao cha ukoo, na mwenye trekta tutaongea naye akitoka shambani.

Matatu ya kwanza alikubali tukiwa bado tumesimama. La nne, anasema mpaka aongee na tajiri wake. Nimemwomba namba ya simu ya huyo tajiri.